Kopa, uru, shupaza na pau: kuzitazama karata za taroti ili ujijue, bila ya kupiga ramli

Mtu anayecheza karata barazani, iwe Malindi au Wete, ameshaujua msamiati wa taroti, seti ya karata 78 za picha kutoka Ulaya, ila hajaambiwa. Kopa, uru, shupaza na pau ni maneno yaliyotoka kwa Wareno, na kwao yana maana ya vikombe, dhahabu, panga na magongo. Hayo ndiyo makundi manne ya taroti mpaka leo: vikombe, sarafu, panga na fimbo. Hata turufu ni ya ukoo huohuo. Wareno husema trunfo, Waitalia walisema trionfi, na zile karata 22 kubwa za taroti zilikuwa turufu za mchezo uliochezwa Italia ya kaskazini katika karne ya 15. Watu wakicheza, wakishinda, wakishindwa, wakenda zao kula.

Ramli ilikuja nyuma sana. Mwaka 1781, Paris, Antoine Court de Gébelin aliandika kwamba karata hizi ni mabaki ya kitabu cha hekima cha Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao, na haujapatikana mpaka leo, lakini wapiga bao wa Ufaransa waliidaka habari hiyo wakaifanyia biashara. Kwa hiyo anayesema taroti ni ramli tangu kuumbwa kwake anakosea, na anayesema haina ramli kabisa naye anakosea, maana watu wengi duniani wanaitumia hivyo. Hapa tunaelekeza matumizi ya tatu: kuitazama picha kwa utaratibu mpaka ikuonyeshe unachokifikiria bila kujua kuwa unakifikiria. Hakuna kuuliza ya kesho wala ya ghaibu. Aya ya 90 ya Surat al-Maida inaitaja mishale ya kupigia ramli pamoja na ulevi na kamari, na msomaji anayeona kwamba kuishika tu karata ya taroti ni kulisogelea jambo hilo asijilazimishe. Njia ya kutengeneza picha zako mwenyewe imeelezwa chini, na kwa maoni yetu ndiyo iliyo bora kwa watu wengi wa Unguja na Pemba, hata wasiokuwa na shaka hiyo.

Kwa nini picha

Picha yenyewe haijui kitu. Inafanya kazi kwa sababu haikuelezi yote, na akili ya mtu haipendi pengo. Hulijaza kwa kilicho karibu nayo siku ile. Hermann Rorschach, daktari wa Uswisi, alilitumia jambo hili mwaka 1921 kwa madoa ya wino. Mwaka 1935, Christiana Morgan na Henry Murray wa Marekani walitoa mtihani wa picha za watu walio katika hali isiyoeleweka vizuri, na mtu akaambiwa atunge hadithi: nini kimetokea, nini kinatokea, mwisho wake utakuwaje. Taroti haikutengenezwa kwa kazi hiyo, lakini ina sifa inayotakiwa: watu wanaofanya jambo fulani, na sababu haikuandikwa.

Si kila taroti ina sifa hiyo. Katika seti za zamani za mtindo wa Marseille, tano ya kopa ni vikombe vitano vilivyopangwa, basi, na hapo hakuna wa kumtungia hadithi. Tafuta seti iliyotoka London mwaka 1909, iliyochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya A. E. Waite. Humo hata karata ndogo, zile 56 za makundi manne, zina watu na mandhari. Smith alifariki mwaka 1951, na miaka 70 ya hakimiliki imeshapita, kwa hiyo michoro ya asili unaweza kuipakua na kuichapisha steshenari.

Kuipunguza seti

Karata 78 ni nyingi mno. Anza na 24. Ondoa kwanza zenye watu uchi, kama unakaa na wazee na watoto nyumba moja: Wapenzi (6), Shetani (15), Nyota (17), Jua (19), Hukumu (20) na Dunia (21). Ondoa ree (karata za moja) zote nne, kwa sababu zina mkono tu unaotoka winguni umeshika kitu. Weka kando pia wale wazungu 16 (mfalme, malkia na wenzao; taroti ina wanne kila kundi, mmoja zaidi ya karata zetu), maana wengi wao wamekaa au wamepanda farasi tu, na mwanafunzi huishia kusema "mfalme" akanyamaza. Zinabaki 52. Humo chagua 12 unazozipenda na 12 zinazokukera. Ukichukua nzuri tupu hutojifunza kitu, na ukichukua chungu tupu utaacha kazi kabla ya wiki ya pili.

Kuna picha ambazo macho ya visiwani huziona tofauti na vitabu vinavyosema, na si kosa. Mpumbavu (0) anakwenda ukingoni mwa jabali na mbwa mweupe miguuni. Vitabu vingi humwita mbwa huyo rafiki anayemwonya. Mtu aliyelelewa kumkwepa mbwa kwa ajili ya najisi humwona kama kitu kinachomfukuza bwana yule mpaka ukingoni. Tano ya sarafu ina maskini wawili wakipita kwenye theluji chini ya dirisha lenye mwanga, na hapa kwetu baridi ile haimshiki mtu, ila dirisha ndilo linalomshika. Sita ya panga ni mvushaji anayempeleka mwanamke na mtoto kwa mashua. Vitabu vinasema ni kuyahama matatizo kwa huzuni. Mpemba anayefanya kazi mjini Unguja anaweza kuona safari ya kurudi kwao kwa Idi, na hapo kitabu ndicho kinachopaswa kunyamaza.

Kutengeneza zako

Unahitaji karatasi nne za manila za ukubwa wa A4, picha 24, gundi nyeupe ya mbao, rula na kisu cha karatasi. Karata ya sentimita 7 kwa 12 inakaa vizuri mkononi. A4 ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo utapata tatu kwa upana na mbili kwa urefu, yaani sita kila karatasi, na kipande cha sentimita 5.7 kitabaki chini. Picha zichapishe sentimita 6 kwa 11 ili zibaki na pambizo. Ukizichapisha sawa na karata, mkato ukikosea kidogo tu utamkata mtu mkono. Gundi ipake nyembamba, kisha lalisha karata chini ya vitabu vizito usiku mzima. Usitumie uji wa unga wa ngano. Masika huota ukungu, na mende wanaupenda. Baadaye zihifadhi ndani ya mkebe wenye mfuniko, maana unyevu wa bahari huzikunja.

Kazi ngumu ni kuchagua picha. Chukua zenye mtu mmoja au watatu, uso usionekane wote, na kitendo kilichokatika katikati: mwanamke anayeanika karafuu amegeuza kichwa kutazama kitu kilicho nje ya picha, mtu mwenye mzigo gatini, hujui anasafiri au amerudi, mlango wa nakshi ulio wazi kidogo, ngalawa iliyokaa mchangani maji yakiwa yamekupwa, watoto wawili wanacheza na wa tatu amekaa pembeni. Ziwemo chache zisizo na mtu. Epuka picha za watu unaowajua, na epuka picha mashuhuri. Beit al-Ajaib, jumba la kale la Mji Mkongwe, baada ya sehemu yake kuanguka tarehe 25 Disemba 2020 ingeonekana badala nzuri ya Mnara (16), karata yenye jengo lililopigwa na radi na watu wawili wanaoanguka. Lakini ukimwonyesha Mzanzibari picha hiyo, ataanza kuzungumza historia, ukarabati na nani wa kulaumiwa. Yeye mwenyewe hutomwona humo. Ukuta wowote uliobomoka, usio na jina, unafaa zaidi.

Kikao cha dakika 30

Wakati mzuri ni baada ya Alasiri, mwanga ukiwa bado upo. Simu iwe chumba kingine. Uwe na daftari na kalamu, si programu ya simu, kwa sababu utahitaji kupigia mistari na kuzungushia maneno.

Andika swali kabla ya kugusa picha. Lianze kwa "nini" au "vipi", na mtendaji awe wewe. "Je, ataniposa?" ni swali la ramli. Ligeuze: "Nini nakitaka katika ndoa hii ambacho sijakisema?" Vilevile "Nani ananifitini kazini?" lifanye "Nini kinaniuma zaidi nikiwa kazini, na huanza saa ngapi?" Ukishindwa kuligeuza swali, siku hiyo usiendelee.

Tandaza picha zote wazi mkekani. Zipitie dakika moja, kisha chukua ile ambayo jicho limeirudia, hasa kama limeirudia kwa kuchukia. Kuchukua bila kuona kuna faida yake, kunamzuia mtu kuchagua picha ileile kila wiki, lakini huleta kishawishi cha kusema "karata imenijia". Wiki sita za mwanzo chagua kwa macho.

Itazame dakika mbili kamili. Sasa ifunike, uandike vitu kumi ulivyoviona. Andika vinavyoonekana tu. "Huzuni" haionekani, kinachoonekana ni kichwa kilichoinama na joho jeusi. Ukimaliza, ifunue ulinganishe. Chukua mfano wa tano ya kopa: mtu wa joho jeusi ameinamia vikombe vitatu vilivyomwagika. Nyuma yake viwili vimesimama. Mbele kuna mto, daraja, na jengo ng'ambo. Wapo watakaoandika vikombe vitatu na kuvisahau viwili kabisa. Wapo watakaolikumbuka daraja na kusahau kwamba mtu hana habari nalo. Ulichokiacha kizungushie duara. Usikijengee msikiti, inawezekana ni kidogo tu na hakikuonekana vizuri. Lakini ukiona kwamba kwa vikao vitatu, picha tatu tofauti, kila mara unaacha kilicho nyuma ya mtu, hapo pana jambo la kuuliza.

Dakika tano zinazofuata andika hadithi: nini kilitokea robo saa kabla, nani yuko nje ya picha, nini kitafuata. Usiinue kalamu wala usisahihishe.

Halafu kuingia ndani. Carl Jung, daktari wa maradhi ya akili wa Uswisi, kuanzia mwaka 1913, alijizoeza kuiacha picha ya ndani imsemeshe na yeye aijibu. Hapa tunafanya hivyo kwa kalamu. Chagua mtu mmoja wa pichani uandike kama yeye, kwa "mimi", mistari mitano. Kisha chagua kitu ambacho si mtu: daraja, kikombe kilichosimama, ngalawa, mlango. Kiandikie mistari mitano kikimjibu yule wa kwanza. Watu huona haya hapa, na haya hiyo ndiyo huwafanya wairuke hatua hii wakaenda moja kwa moja kwenye "maana". Usiiruke. Kitu husema yale ambayo mtu wa pichani hakubali kuyasema.

Sasa rudi kwenye ulichoandika ukiwa na kalamu ya rangi nyengine. Kiswahili kinatusaidia sana hapa, kwa sababu mtendaji amefungwa ndani ya kitenzi. Pigia mstari kila kitenzi. Hesabu vinavyoanza na ni- ambavyo wewe ndiye mfanyaji: nilisema, nikatoka, nitauliza. Hesabu vilivyo katika hali ya kutendwa: niliambiwa, nimeachwa, nimesahauliwa. Hesabu vya kukanusha: sikuweza, sina, sitaki. Ukurasa wenye kutendwa kumi na kutenda viwili unaeleza namna unavyojiweka ndani ya jambo lako, na hakuna kitabu cha taroti kitakachokwambia hilo. Kisha chukua sentensi tatu zilizo kali zaidi, uziandike upya kwa jina lako. Kama jina ni Asha, "nimechoka kusubiri" inakuwa "Asha amechoka kusubiri". Utafiti wa mwanasaikolojia Ethan Kross umeonyesha kwamba kujisemesha kwa jina badala ya "mimi" humsogeza mtu hatua moja nyuma na kumtuliza. Chini yake andika ungemwambia nini huyo Asha angekuwa jirani yako.

Mwisho, tendo moja, dogo, lenye siku na saa, ndani ya siku mbili. "Nitakuwa mkweli zaidi" halihesabiwi. "Jumamosi baada ya Adhuhuri nitampigia mama nimwambie sitokwenda" linahesabiwa. Kama jambo bado ni zito na unataka kwenda chini zaidi, tumia njia ya mwanasaikolojia James Pennebaker ya mwaka 1986: dakika 15 za kuandika, siku nne mfululizo, jambo hilohilo, na picha ileile mbele yako. Ujue kwamba moyo unaweza kuwa mzito mara tu baada ya kuandika, kwa hiyo usiifanye nusu saa kabla ya wageni kuingia.

Kijitabu cha maana, kama unacho, kifungue baada ya yote haya, au usikifungue. Mwaka 1948 mwanasaikolojia Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia zao, kila mmoja akidhani ni yake peke yake. Wote walipewa karatasi moja, na maneno mengi yalitoka kwenye kitabu cha unajimu. Walipoulizwa maelezo yamewapata kiasi gani, wastani ulikuwa 4.26 kati ya 5. Ukianza na kitabu, utakubali chochote.

Kuongeza jina la kanga

Ukishazoea, baada ya miezi miwili hivi, weka jina la kanga chini ya picha. Pindo na mji viache, chukua maandishi tu. Yanakili vipande 20 vya karatasi kutoka kanga zilizomo kabatini. Hapa sisi tuna kitu ambacho taroti haina. Jina la kanga aghalabu huelekezwa kwa mwengine: jirani, mke mwenza, wifi. Mtu akivaa "Hasidi hana sababu" anajua anamwambia nani, na anayeambiwa anajua vilevile. Geuza. Vuta kipande kimoja, kiweke chini ya picha uliyokwishaichagua, na uulize: kama jina hili linamsema mvaaji mwenyewe, linamwambia nini? Husuda ipi ni yangu, na haina sababu? Dakika za kwanza utajitetea. Andika utetezi wote mpaka uishe, kisha andika sentensi moja baada yake. Mara nyingi sentensi hiyo ndiyo uliyoijia.

Yanayoharibu

Kubwa ni kurudia. Mtu hapendi alichokiandika, anachukua picha nyengine, na nyengine, mpaka moja impendeze. Ameshaingia kwenye ramli kwa mlango wa nyuma. Swali moja, picha moja, mara moja kwa wiki. La pili ni kuwasoma wengine: "Yule mwanamke wa mbili ya panga ni wifi yangu mtupu." Inawezekana anafanana naye, lakini aliyemchora hivyo ndani ya hadithi ni wewe, na kazi iliyo mbele yako ni kuuliza kwa nini umempa upanga. La tatu ni kuandika usiku wa manane. Ukiona sentensi moja imejirudia mara tatu kwa maneno tofauti, hufikirii tena, unazunguka. Funga daftari, simama, kateke maji.

Karata tatu za jana, leo na kesho, zinazopendwa sana mitandaoni, hatuzipendekezi. Ile ya tatu humrudisha mtu kwenye kubashiri hata kama hakukusudia.

Na picha si tiba. Asiyelala wiki mbili, anayesikia sauti, anayefikiria kujidhuru, au aliyefiwa siku hizi na hawezi kula, aziache. Unguja ipo hospitali ya Kidongo Chekundu kwa maradhi ya akili. Pemba anzia hospitali iliyo karibu nawe. Kwenda huko hakumzuii mtu kusomewa Kurani na jamaa zake.

Mkiwa wawili

Mmoja anatazama, mmoja anauliza, dakika 15, kisha mnabadilishana siku nyengine, si siku ileile. Muulizaji ana maneno machache tu ya kutumia: "Hebu nambie unaona nini", "Na nini tena?", "Mkono wake wa kushoto unafanya nini?" Haruhusiwi kusema "mimi naona", wala "maana yake ni", wala "kama vile ulivyofanya mwaka jana." Mashoga (marafiki wa kike) wa miaka mingi ndio wanaoshindwa zaidi, kwa sababu wanajuana na hujazana majibu. "Shoga, usinisaidie" ni sentensi halali, na ikisemwa muulizaji ananyamaza mpaka mwenzake aendelee. Kilichosemwa hakitoki nje ya chumba. Kwa mume na mke hatushauri waanze pamoja. Kila mmoja awe na wiki nane zake kwanza.

Baada ya wiki nane soma daftari lote kwa mkupuo mmoja, ukiwa na orodha ya picha 24. Picha ulizozichagua mara tatu au zaidi zitoe kwa mwezi mmoja, maana zimeshakuwa mazoea. Ambazo hujazigusa hata mara moja zigawe mafungu mawili: zisizokwambia kitu, ubadilishe picha, na zile ambazo kila ukizifikia jicho linapita haraka. Kikao kijacho anza na moja ya hizo. Na kama daftari linakaa kwenye nyumba ya watu wengi, andika kwenye karatasi huru badala ya daftari, utie tarehe, na ukishamaliza kusoma wiki zako nane, nakili vile vitenzi na yale matendo tu, nyengine zote uzichome.